Kikombe cha Mjomba

Msomaji mwenzangu, kama na wewe una mke, watoto na shangazi chini ya bati moja, usiyasome haya umesimama. Vuta kigoda. Ni ya kwetu Natta, wilaya ya Serengeti, mkoa wa Mara, lakini mengine utayatambua hata kama unakaa Tandahimba.

Kwanza nikutambulishe kwa wakubwa wangu. Mke wangu ni Mwenyekiti. Jina hilo hakujipa. Lilikuja lenyewe baada ya kuonekana kwamba kila kikao cha nyumbani anafungua yeye, anafunga yeye, na mimi naachiwa "mengineyo". Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, tunamwita Redio Mbao, ila tunamwita hivyo tukiwa shambani. Habari ikizaliwa Motukeri saa mbili asubuhi, saa tatu anayo, na ameshaitia chumvi. Kifungua mimba wangu ni Profesa, yuko kidato cha tatu na duniani hakuna asilolijua. Kitinda mimba ni Mkaguzi, binti mwenye tabia ya kufunua kila sufuria kabla halijaiva. Katikati wapo wengine wawili ambao kwa bahati yao hawakuingia kwenye kesi hii.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Shuleni nikikohoa darasa zima linanyamaza. Nyumbani nikikohoa naulizwa nani kaacha mlango wazi.

Sasa shemeji yangu, mdogo wake Mwenyekiti. Huyu tunamwita Tembo. Jina alilipata siku ya harusi yetu, kwa umbo lake na kwa kazi aliyoifanya kwenye sinia la pilau. Na ujue kwetu sisi tembo si picha ya kwenye noti ya elfu kumi. Wanavuka kutoka mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, wanaingia kwenye shamba lako la mtama usiku mmoja, na asubuhi unakwenda kuhesabu nyayo. Kwa hiyo mtu akiitwa Tembo hapa Natta, amelifanyia kazi jina lake.

Tembo alikwenda Nyamongo, Tarime, kwenye machimbo ya dhahabu, akapotelea huko miaka. Mara tunasikia kwamba kapata, mara tunasikia kwamba kakosa. Halafu jioni moja akashuka kwenye gari la kutoka mjini Mugumu na begi moja la mgongoni, na hapo barabarani mimi nilimpita nikaenda kumtafuta shemeji yangu nyuma ya gari. Alikuwa amekonda. Lile shati lake la zamani la kitenge, siku hizo yeye alilivaa. Safari hii lilimvaa yeye.

Mwenyekiti alilia kidogo, akachinja jogoo niliyekuwa nimemwekea mipango mingine, akamtandikia mdogo wake kitanda kwenye chumba cha mbele. Mimi sikuwa na la kusema, na hata ningekuwa nalo nisingelisema. Watu wa Mara mnajua. Ng'ombe niliowatoa kumwoa dada mtu ndio walewale waliokwenda kumwoa mke wake Tembo. Shemeji wa namna hiyo humfukuzi. Ukimfukuza, ng'ombe wako wanakucheka huko walipo.

Usiku uleule Shangazi akaniita nje, kule nyuma ya jiko ambako mambo mazito ya ukoo hujadiliwa.

"Baba," aliniambia, ananiita baba kwa kuwa nimerithi jina la babu, "huyu kijana ana ngoma."

"Umejuaje, shangazi?"

"Mashavu."

Nikanyamaza. Kwa Shangazi, mashavu ndiyo maabara.

Usimcheke haraka. Mwanamke huyu alikuwa msichana wakati wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walipogundulika Kagera, ng'ambo ya ziwa letu hili hili, mwaka 1983. Ilipofika 1986 hakukuwa na mkoa wa Tanzania Bara ambao haukuwa na mgonjwa. Haya hakuyasoma kwenye gazeti. Aliyasikia kwa wafanyabiashara na mabaharia wa Musoma na Bukoba, na habari zilikuja zikiwa na majina. Kagera waliuita Juliana, kwa jina la nguo za mtindo zilizokuwa zikivushwa kutoka Uganda. Waganda nao wakauita Slim, kwa kukondesha. Kwa hiyo binti wa Natta alipata mafundisho yake yote ya afya kwa sentensi moja, kwamba anayekonda anao. Dawa haikuwepo, kipimo hakikuwepo vijijini, na hakuna aliyekuja kumwambia unapita wapi. Mtu asipoambiwa ugonjwa unapita wapi, atauzibia kila tundu. Walikuwepo waliozika nguo za marehemu pamoja na marehemu, na waliochoma hata kitanda.

Tatizo ni kwamba waliokuja kumwambia baadaye aliwakuta ameshajifunza. Mabango yamebandikwa kwenye ukuta wa zahanati miaka nenda rudi, yakiwa na picha za watu wanaopeana mikono na kula sahani moja. Shangazi aliyaona. Anasema walikuwa wanajifundisha kula kwa adabu. Julai 2007 Rais Kikwete na Mama Salma walipima VVU hadharani kuzindua kampeni ya nchi nzima ya kupima kwa hiari. Nilidhani sasa tumepona. Shangazi akasema, "Vizuri. Rais kapima kwa niaba yetu."

Turudi jikoni. Asubuhi yake kikombe kimoja kilionekana kina nukta nyekundu kwenye mkono. Hakuna aliyeuliza. Kesho yake sahani ikapata nukta, halafu kijiko, halafu kigoda, halafu ndoo ya kuogea. Mimi nilidhani ni mchezo wa Mkaguzi. Kumbe Shangazi alikuwa amechukua rangi ya kucha ya Mwenyekiti, ile aliyoinunua kwa ajili ya harusi moja ya Musoma, na alikuwa anaigawa nyumba yangu katika mataifa mawili.

Kunawa tukaacha kunawa kwenye bakuli moja. Akaja mtu na birika. Ugali wa udaga, ambao tangu enzi za babu wanaume huula kwenye sahani moja, ukaanza kuletwa umekatwakatwa mafungu kama posho ya jeshi. Nguo za Tembo zikapewa kamba yake, upande wa zizini. Kinyume cha mahesabu yote, sufuria halikutiwa nukta, kwa sababu aliyekuwa anapika ni Tembo mwenyewe. Huko machimboni alijifunza kupika kwa kuwapikia wenzake, na kichuri chake, msomaji, hata wazee wa Tarime wangesimama kukisalimia. Shangazi alikuwa anakila, analamba vidole, kisha anamnyang'anya mpishi kijiko na kukiosha kwa maji ya moto mara mbili.

Watoto ni watu wa kuogopwa. Wiki haikuisha Mkaguzi akawa ameuelewa mfumo kuliko aliyeutunga. Aligundua kwamba chombo chenye nukta hakiguswi na bibi. Akaiba chupa ya rangi. Nukta nyekundu ikaonekana kwenye bakuli la karanga. Ikaonekana kwenye kopo la sukari. Siku moja nikakuta chapati sita zimeumwa ncha, kila moja mahali palepale, kwa meno madogo yenye pengo katikati.

"Nani kauma?"

"Mjomba," akasema Mkaguzi, mdomo umejaa.

Shangazi akazisukuma chapati zote sita upande wa mtoto. Mimi nilikunywa chai kavu.

Kwenye kikombe nilitaabika zaidi. Vikombe vyetu vilikuwa vinane, vya bati, na nukta zilipozidi nikajikuta siku nyingine hakuna kisicho na alama. Nimekunywa chai kwenye kifuniko cha chupa ya chai. Nimekunywa uji kwenye kile kibakuli cha kunyolea ndevu, na ladha ya sabuni ilikaa nami mpaka kipindi cha hisabati.

Lakini sasa sikia juu ya wembe. Nyumbani kwetu upo wembe mmoja. Umechomekwa kwenye ufa wa ukuta wa jiko, juu kidogo ya mfuko wa chumvi, na hakuna anayekumbuka ulinunuliwa lini. Wembe huo ndio uliowanyoa watoto wote vichwa, ndio unaokata kucha, unaofumua pindo la sketi ya shule, na Shangazi hujitolea nao miiba ya miguuni akitoka kuokota kuni. Ukiulizwa kama kuna kitu kimoja humu ndani cha kutilia nukta, ni huo. Wembe wenye damu mbichi ya mtu mwingine una neno la kusema, na homa ya ini ya aina ya B ndiyo hasa hupenda njia hiyo, kwa wepesi kuliko hata VVU. Ila wembe haukupata nukta.

"Ule ni wa nyumbani," alisema Shangazi nilipomgusia.

Na huo ndio ukoo wangu. Rika la baba yangu lilitahiriwa kwa kisu kimoja, mstari mzima wa vijana, anatoka huyu anaingia yule, na jioni walikuwa wanasifiwa kwa kutokupepesa macho. Shangazi ana kopo la ugoro ambalo mabibi wa kitongoji kizima huingiza vidole humo na kuvipeleka puani. Mwaka 2011 alikatiza Hifadhi ya Serengeti kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu, yule Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Mnakumbuka ule mwaka. Shilingi mia tano, dawa ya mti wa mugariga, kikombe kimoja tu kwa mtu, na magari yamepangana kilomita na kilomita. Walikwenda wenye kisukari, wenye saratani, wenye presha, na walikwenda sana wenye UKIMWI, na wengine waliporudi wakaacha dawa zao za hospitali, wakaumia vibaya. Shangazi yeye alikwenda kwa ajili ya magoti. Anasimulia mwenyewe jinsi mama aliyekuwa mbele yake kwenye foleni alivyomweleza wazi kwamba ana virusi, wakapiga soga siku nzima wakisubiri, wakagawana mihogo ya kuchemsha.

"Na hukuogopa?" nilimuuliza.

"Kule kulikuwa na dawa."

Magoti, nikwambie tu, bado yanauma.

Huwa wanapita watu wa takwimu, wale wa tafiti za kitaifa, wakiuliza nyumba kwa nyumba: je, ungenunua mboga mbichi kwa muuzaji ambaye unajua ana VVU? Ni swali zuri, linapima unyanyapaa. Shangazi najua angejibu nini. Angesema, "Ndiyo, akinipunguzia."

Tembo katika yote haya hakusema neno. Na kuna jambo nililoliona usiku mmoja nilipotoka kwenda chooni ambalo sikulipenda. Taa ya jiko ilikuwa inawaka. Tembo alikuwa amechuchumaa peke yake, anaosha sahani yake kwa majivu, taratibu, upande wa ndani na upande wa chini. Alipomaliza akaisuuza, akaifunika kwenye ncha ya mwisho kabisa ya kichanja, mbali na zetu, akaipima kwa jicho, kisha akaisogeza mbali zaidi kidogo. Hakuna aliyekuwa amemwambia afanye hivyo. Nilirudi kitandani bila kufika chooni.

Kilichoivunja serikali ya nukta ni mbu.

Shangazi alikaa akafikiri, akapata wazo ambalo mpaka leo naliheshimu kwa ubunifu wake. Mbu anamwuma Tembo, anatoka chumba cha mbele, anakuja kumwuma yeye. Je? Kwa hiyo akachukua chandarua chake mwenyewe, akakitundika juu ya kitanda cha Tembo na kukichomeka pande zote nne, ili mbu wa Tembo wabaki na Tembo. Halafu akafunga madirisha yote ya nyumba na kuziba matundu kwa magunia. Tukalala tumeshonwa ndani.

Profesa alikuwa likizo. Alijaribu. Alimweleza bibi yake kwamba mbu anapokunyonya anameza damu iwe chakula, na virusi vya UKIMWI vikishafika tumboni mwake vinasagwa huko huko na kwisha. Anapomwuma wa pili anamdunga mate yake, si damu ya yule wa kwanza. Ila kimelea cha malaria, bibi, hicho ni kingine; hicho huishi ndani ya mbu, hukua, hupanda mpaka kwenye mate, na kinachosubiri ni wewe ulale bila chandarua.

"Wewe umesoma na mbu?" Shangazi akamuuliza.

Kabla ya mwisho wa mwezi Redio Mbao ilikuwa hewani kwa masafa ya chini sana. Homa, kutetemeka, matapishi. Tulimpakia kwenye bodaboda katikati yangu na dereva, nikamshikilia mpaka zahanati. Muuguzi akamtoboa kidole, akatia tone la damu kwenye kipimo cha malaria, na mistari ikatoka miwili safi. Dawa ya mseto, vidonge vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku tatu. Shangazi, macho yanageuka kwa homa, alikuwa na swali moja tu: hiyo sindano ya kidole imemchoma nani kabla yake? Muuguzi akamwonyesha pakiti aliyoifungua mbele yake na lile boksi la kutupia, akamwambia mama, hii ni ya mtu mmoja, ikishachoma inatupwa. Kisha akamwambia kwa upole kwamba kwa kuwa anaogopa hivyo, akipata nafuu arudi apime na VVU, ni bure na ni siri.

"Mimi? Kwa mashavu haya?"

Aliyemuuguza nyumbani ni Tembo. Wengine wote tulikuwa na kazi na shule. Tembo alimpikia uji wa ulezi, akamshikia kikombe, na Shangazi alikunywa bila kuangalia mkono wa kikombe una nini. Nilikiona mimi. Kilikuwa na nukta.

Kikao kikaitishwa Jumapili, baada ya Mwenyekiti kutafuta rangi yake ya kucha na kukuta chupa tupu kwenye kibubu cha Mkaguzi. Mtoto alibanwa dakika mbili akataja mtandao wote. Mwenyekiti alifungua kikao. Alikuwa ametulia, na mke wangu akitulia mimi huanza kutafuta viatu.

"Shangazi," alisema, "vyombo vyangu vimefanya nini?"

Shangazi akaangalia paa. Mimi nikaangalia alipoangalia Shangazi. Profesa ndiye aliyeona nafasi yake ya kihistoria imefika. Akasimama. Akasema virusi haviko kwenye mate, jasho wala machozi kwa kiasi cha kumwambukiza mtu, na vikitoka nje ya mwili havidumu, kwa hiyo kikombe, choo, kigoda na mkono wa salamu havina shida. Akasema vinapatikana kwenye damu, maziwa ya mama, na halafu akazitaja zile sehemu nyingine mbili kwa majina yake kamili ya darasani, kwa sauti, mbele ya bibi yake, mchana kweupe.

Shangazi alimwagikiwa na chai.

"Baba," akauliza Mkaguzi, "shahawa ni nini?"

"Muulize mama yako."

Hapo ndipo Tembo alipocheka, mara ya kwanza tangu ashuke kwenye gari. Akatoa begi lake la mgongoni, akaweka mezani kadi yake ya kliniki na kopo la vidonge. Akatueleza, na haya nayaandika kwa ruhusa yake. Kasema niandike, ila nisimwite mwembamba. Huko machimboni alianza na kifua. Vumbi la mawe na kifua kikuu ni marafiki wa siku nyingi. Alipogundulika na TB wakampima na VVU, kwa sababu hivyo viwili hupimwa pamoja, akakutwa navyo. Kunenepa kote kukaisha kwenye kile kifua. Akameza dawa za TB miezi sita akamaliza. Dawa za VVU anameza kidonge kimoja kwa siku, na safari iliyopita kliniki walimpima wingi wa virusi, vikawa vimefubaa mpaka kipimo hakivioni. Mtu akidumu hivyo, daktari alimwambia, haambukizi hata kwenye ndoa, sembuse kwenye kikombe.

"Ila shangazi," akaendelea, na hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililotuuma, "kama ningekuja hapa kabla sijatibiwa kile kifua, kitu kimoja tu kingewamaliza. Kifua kikuu kinapita hewani. Kinapenda nyumba iliyofungwa madirisha."

Tukageuka wote kuangalia magunia.

Mwenyekiti alitaja sheria. Ipo, ya mwaka 2008, inayokataza kumnyanyapaa mtu mwenye VVU na kutangaza hali yake bila ridhaa yake, na alipofika hapo pa kutangaza alimkazia macho Shangazi. Akatoa maazimio bila kusubiri wajumbe. Nukta zifutwe leo, na afutaye ni Mkaguzi. Magunia yatoke. Kila kichwa kiwe na wembe wake, na ule wa ukutani ukatupwe chooni. Vikombe vipya vitanunuliwa Mugumu. Mengineyo, ambayo ni kulipa, akaniachia mimi.

Usidhani Shangazi alibadilika palepale. Alinuna. Siku kadhaa alikuwa anakula akimwangalia Tembo kwa chini, anasubiri akonde ili yeye apate haki. Tembo akafanya kinyume, alinenepa. Ugali, kichuri, dagaa wa Musoma, uji wa ulezi, mashavu yakarudi mahali pake moja baada ya jingine, na maabara ya Shangazi ikakosa kazi. Mkaguzi naye alifuta rangi wiki nzima kwa mafuta ya taa na mchanga, na vikombe vile vya bati mpaka kesho vina mikwaruzo.

Ajabu ni kwamba Shangazi alirudi zahanati kupima. Alikwenda peke yake, hakumuaga mtu, na alipotoka hakusubiri afike nyumbani. Siri aliyopewa na muuguzi ilitangazwa kisimani, dukani, na kwa mabibi wa ugoro. Majibu yake kila mtu Natta anayajua, na ni salama. Ila walimpima na presha pia, ikakutwa juu, na sasa ana woga mpya. Chumvi. Amekwisha kuificha mara mbili, na kachumbari tunaila chukuchuku.

Tembo anachukua dawa zake Mugumu, wanampa za miezi kadhaa kwa mara moja kwa kuwa hali yake imetulia. Shangazi kliniki yake ya presha ni huko huko, na amepanga tarehe zake zifanane na za Tembo, kwa sababu anasema hataki kusafiri peke yake na Tembo anajua kumwombea kiti cha dirishani, lile la kufunguka. Nauli ya wote wawili, kwenda na kurudi, nalipa mimi.